Injini ikiwaka, sevo zinaruka: kelele ya plagi inapita wapi?

Swali: Nina ndege ya mfano yenye mabawa ya mita 2.2, injini ya petroli ya cc 30 na ignisheni ya CDI, yaani boksi la umeme linaloipa plagi cheche. Rimoti ni ya gigahezi 2.4. Injini ikiwa imezimwa kila kitu kiko shwari. Nikiiwasha na kupandisha mafuta, sevo za mkia (vijimota vinavyosogeza usukani) zinarukaruka, na mara mbili risiva (kipokezi cha amri za rimoti) imekata kabisa kwa sekunde moja hivi kisha ikarudi. Nimebadilisha plagi, nimeizungushia CDI karatasi ya alumini, hali ni ileile. Tatizo ni plagi au ni redio?

Jibu: Kwanza asante kwa kutoirusha ndege ikiwa hivyo. Iache chini mpaka tumalize.

Ukisoma tena ulichoandika utaona umetaja magonjwa mawili. Sevo za mkia kurukaruka ni moja. Risiva kukata sekunde nzima na kurudi ni jingine, na huenda hayana uhusiano wowote. La kwanza linafanana na kelele ya ignisheni, yaani mawimbi ya redio yanayovuja kutoka kwenye cheche, si sauti. La pili linafanana zaidi na upungufu wa umeme au swichi inayoachia kwa mtetemo. Wengi hununua risiva mpya hapo, wanarudi uwanjani, na sevo zinaruka vilevile. Kabla ya kutoa shilingi, jua kelele inapita njia gani, au kama ni kelele kweli.

Cheche ya plagi ni kirusha mawimbi. Kati ya 1886 na 1888 Heinrich Hertz alithibitisha mawimbi ya redio kwa kurusha cheche kati ya vipande viwili vya chuma, na meli za mwanzo zenye redio zilipeleka ujumbe kwa cheche. CDI yako inafanya kazi hiyohiyo bila kukusudia: inachaji kapasita, inaimwaga ghafla kwenye koili, maelfu ya volti yanaruka pengo la plagi ndani ya muda mfupi mno, na waya ya plagi inageuka antena. Injini ya mipigo miwili hutoa cheche moja kila mzunguko. Kwenye mizunguko 1,800 kwa dakika ni cheche 30 kila sekunde. Kwenye 7,000 ni kama 117. Ndiyo maana tatizo linakua unapopandisha mafuta. Lakini mtetemo nao unakua hapohapo, kwa hiyo dalili hiyo peke yake haithibitishi kitu.

Kelele hiyo imetapakaa kwenye masafa mengi, ila nguvu yake kubwa iko chini, kwenye makumi na mamia ya megahezi. Rimoti za zamani za megahezi 35 za Ulaya na 72 za Marekani zilikaa katikati ya kelele hiyo, na risiva zake zilikuwa na antena ya karibu mita moja. Kufika gigahezi 2.4 kelele imepungua sana. Hapo ndipo watu wanapodanganyika: wanaamini 2.4 ni kinga ya kila kitu. Risiva yako kweli haisumbuki kirahisi na kinachokuja hewani, lakini waya za sevo hazijui habari za gigahezi. Waya ya kwenda mkiani ina urefu wa sentimita 80 hadi 100, inabeba pigo dogo la volti tatu hivi linalodumu milisekunde 1 hadi 2, na urefu huo unadaka vizuri kelele ya masafa ya chini. Risiva inatoa amri safi, sevo inapokea amri iliyochafuliwa njiani. Kwamba ni sevo za mkia zinazoruka na si za mabawa, kwangu ni dalili nzito.

Anza kwa kusoma dalili. Sevo moja au mbili zikitetemeka nyingine zikiwa zimetulia, shaka iko kwenye waya za sevo hizo. Zote zikiruka pamoja, angalia risiva na umeme wake. Zote zikiganda halafu zikarudi, ama umeme umeshuka ama mawasiliano na rimoti yamekatika. Baadhi ya risiva humulika taa kwa namna ya pekee baada ya umeme kushuka. Tazama kitabu cha risiva yako kisha uangalie taa hiyo mara tu baada ya tukio, kabla hujazima chochote.

Jaribio la kwanza halihitaji injini. Washa rimoti na risiva, ignisheni ikiwa imezimwa. Gonga kiwiliwili cha ndege kwa ngumi laini, tikisa kila soketi, vuta kidogo kila waya, bonyezabonyeza swichi ya risiva. Sevo ikishtuka, umepata soketi mbovu, na usihangaike na plagi kwanza.

Jaribio la pili ndilo ninalolithamini kuliko yote, maana linautoa mtetemo kwenye hesabu. Chomoa bomba la mafuta, funga kabureta, fungua plagi, kisha zungusha propela kwa mkono mara kadhaa, ignisheni ikiwa imezimwa, mpaka mvuke wa petroli utoke kwenye silinda. Subiri kidogo, futa mafuta yote yaliyomwagika, na uwe mahali penye hewa. Irudishe plagi ndani ya kofia yake mpaka mwisho, ilaze juu ya kichwa cha silinda upande ulio mbali na tundu lake, chuma kikigusa chuma. Kamwe usiwashe CDI kofia ikiwa tupu: volti zikikosa pa kurukia zinatafuta njia ndani ya moduli yenyewe, yaani lile boksi la CDI, na kuiua. Sasa washa rimoti, risiva na ignisheni, uzungushe propela kwa nguvu ili sumaku ipite mbele ya sensa inayoiamuru CDI itoe cheche. Utasikia kila cheche: tak, tak. Mwenzako atazame mkia. Sevo ikishtuka sambamba na kila tak, ni kelele ya ignisheni, wala huna haja ya kubishana tena. Ikitulia kabisa, elekea kwenye mtetemo na umeme.

Ukiwa hapohapo, tumia redio ndogo ya mawimbi ya kati, ile ya kusikilizia taarifa ya habari. Iweke pasipo na kituo, kwenye AM, maana FM inazificha kelele hizi. Isogeze polepole kando ya waya ya ignisheni, kuanzia kwenye moduli hadi kwenye kofia ya plagi, mwenzako akizungusha propela. Itapiga kwa kila cheche popote pale, ila sikiliza panapopaza zaidi. Mara nyingi ni kwenye kofia, au pale waya inapoingia kwenye boksi. Ukiweza kufanya hivi kwenye chumba chenye giza, tazama pia: ufa kwenye ganda la waya hutoa kicheche chembamba cha bluu ambacho mchana hukioni. Usifanye hivyo injini ikiwa inawaka. Propela iko sentimita chache tu kutoka kwenye kofia ya plagi, na haisamehi.

Tukubaliane sasa kwamba majaribio yamesema ni kelele. Pa kuanzia ni kofia ya plagi, na hapa tukae kidogo, kwa sababu kesi nyingi zinaishia hapa.

Waya ya ignisheni ya injini hizi imevikwa wavu wa waya nyembamba zilizosukwa. Wavu huo si pambo wala si kinga ya kukwaruzwa tu. Ndiyo njia ambayo umeme wa cheche hurudi kwenye moduli, na ndiyo kuta zinazofungia kelele ndani. Kwenye kofia, wavu umeungwa na kikombe cha chuma chenye pete ya springi inayolibana ganda la plagi pale kwenye pembe sita. Mviringo huo ukifunga vizuri, kelele inabaki ndani kama maji kwenye bomba. Pete ikilegea, ikiwa na masizi, au kofia ikiwa haijafika chini, umeme unalazimika kurudi kwa kupitia injini, skrubu zake na chochote kingine kinachopitisha, na kila mlango wazi unavujisha mawimbi.

Toa kofia uitazame kwa tochi. Pete ya springi iko? Imekaa mviringo au imepinda upande? Nimeona wengi wakidhani imeanguka kumbe imejikunja juu kabisa ya kofia, haigusi plagi hata kidogo. Ibane kidogo kwa koleo la mdomo mwembamba ili ishike kwa nguvu. Safisha pembe sita za plagi na ndani ya kikombe kwa spiriti, uondoe oili iliyoungua. Bonyeza kofia moja kwa moja, bila kuizungusha sana, mpaka usikie au uhisi imekaa. Ikitoka kwa kuvutwa na vidole viwili tu, haifai.

Kisha shika multimita. Ignisheni ikiwa imezimwa na betri yake imechomolewa, pima ukinzani kutoka ganda la plagi hadi wavu upande wa moduli. Unataka chini ya omu moja. Endelea kushikilia huku ukiukunja waya taratibu kila sehemu, hasa inapotoka kwenye boksi na inapoingia kwenye kofia. Namba ikirukaruka, nyuzi za wavu zimekatika ndani kwa mtetemo hata kama kwa nje zinang'aa. Wavu uliokatika hauungwi kwa gundi wala tepu. Badilisha waya nzima au moduli.

Plagi uliyobadilisha, iangalie herufi zake. Kwa plagi za kampuni za NGK na Champion, herufi R katika jina la plagi huonyesha kuwa ina rezista ndani, kawaida ya kiloomu 5 hivi. Plagi ndogo ya CM-6, inayotumika sana kwenye injini za mfano, haina rezista hiyo. Hutegemea kofia yenye kinga. Ukiipima kutoka juu hadi kwenye ncha ya kati utapata karibu sifuri, na hiyo ni sawa kwake. Usibadilishe aina ya plagi kinyume na kitabu cha injini eti kwa sababu ya R tu, maana umbo la plagi na la kofia vinapaswa kuoana. Fundi wa bodaboda atakupa kofia yenye rezista kwa bei ndogo, lakini imeumbwa kwa plagi ya pikipiki na haina wavu, kwa hiyo hapa haisaidii. Angalia pia kichwa cha juu cha plagi: zile zenye nati ya kufungwa kwa mkono zikilegea hutengeneza pengo la pili, na pengo la pili ni kirushaji cha pili. Pengo lenyewe la cheche liwe milimita 0.4 hadi 0.5. Likiwa pana zaidi, volti hupanda juu zaidi kabla ya kuruka, na zinaanza kutoboa ganda la waya.

Ile karatasi ya alumini, itoe. Chuma kisichounganishwa na njia ya kurudi hakizuii kelele; kinaidaka na kuirusha upya. Tena kinacheza, na vyuma viwili vinavyosuguana vinazaa kelele yao wenyewe hata ignisheni ikiwa imezimwa. Kwa sababu hiyohiyo usiuache wavu wa ignisheni ukigusana na kabureta au bomba la moshi. Uvishe bomba la silikoni au plastiki ya kujizungusha, ufunge usicheze.

Baada ya kofia, njia ya waya. Je, ignisheni na risiva zinatumia betri moja? Zitenganishe. Kila kimoja kiwe na betri yake na swichi yake, ikiwezekana swichi moja ubavu wa kushoto na nyingine wa kulia. CDI huvuta umeme kwa mafungu, mamia ya miliampea ikiwa mizunguko ni mingi, na mafungu hayo yakipita kwenye betri ya risiva yanaonekana kama mtikisiko wa volti. Umeweka kifaa cha kuzimia ignisheni kutoka kwenye rimoti? Hakikisha ni kile kinachopeleka amri kwa mwanga ndani yake, si kwa waya inayounganisha pande mbili moja kwa moja. Na kama umechomeka kihesabu mizunguko kwenye waya ya sensa ili usome namba kwenye rimoti, umejenga daraja kati ya ignisheni na risiva bila kujua. Vichomoe vyote viwili kwanza, urudie jaribio la propela. Sevo zikitulia, umempata mhalifu kwa dakika tano.

Fito ya kabureta nayo ni waya, hata kama hukuiweka kwa kazi hiyo. Chuma kinachotoka kwenye mkono wa kabureta hadi kwenye sevo kinabeba kelele kutoka kwenye injini mpaka mlangoni mwa waya zako. Tumia fito ya nailoni, au kata njia ya umeme kwa kuweka kibano cha plastiki upande wa injini. Fito ya kaboni inapitisha umeme, watu husahau, kwa hiyo nayo inahitaji ncha ya plastiki. Fito ya choki ni vilevile.

Sasa mpangilio. Kila kitu cha ignisheni, yaani moduli, betri yake, swichi na waya, kikae mbele kuelekea ukuta wa injini. Risiva, betri yake na waya za sevo vikae nyuma, umbali usiopungua sentimita 30 kati ya pande hizo mbili. Ikibidi waya za pande mbili zikutane, zipishane kwa pembe ya mraba; zikilazwa sambamba kwenye kifungo kimoja zinaambukizana. Antena mbili za risiva ziwe na pembe ya digrii 90 kati yao, na zile ncha zilizo wazi za milimita 31 ziwe mbali na kaboni, tangi na bomba la moshi. Milimita 31 ni robo ya wimbi la gigahezi 2.4, kwa hiyo usizikate wala kuzikunja.

Kwa sevo zako za mkia, mbali na hayo yote, fanya mambo mawili. Sokota waya zake tatu pamoja kwa urefu wote. Kisha zipitishe kwenye pete ya feraiti (pete nyeusi ya sumaku inayonyonya kelele kwenye waya) mara tatu hadi tano, karibu na sevo, kwa sababu kelele imeingia njiani na unataka kuizuia kabla haijafika. Ukiwa na pete za ziada, weka nyingine upande wa risiva. Lakini pete ije mwisho. Ukiitia kabla ya kurekebisha kofia, itafunika dalili chini, kisha tatizo litakurudia angani.

Lile la risiva kukata lina dawa yake. Risiva nyingi za 2.4 huzima volti zikishuka hadi karibu 3.5, na zikizima zinahitaji muda kuwaka na kuitafuta rimoti. Hiyo ndiyo sekunde yako. Betri ya seli nne za NiMH ya volti 4.8, ikiwa imechoka na inasukuma sevo tano au sita za dijitali, inaweza kufika huko kwa kitambo kidogo. Chomeka mita kwenye tundu lililo wazi la risiva, mwenzako azisukume sevo zote kwa pamoja huku ukizizuia kidogo kwa mkono bila kuziumiza. Mita ya kawaida ni ya polepole, haioni kushuka kwa muda mfupi, kwa hiyo ukiona imegusa 4.5 jua kuna sekunde fupi ilipokuwa chini zaidi. Betri ya LiFe ya seli mbili, volti 6.6, yenye waya nene inatuliza jambo hilo, mradi sevo zako zinakubali volti hizo. Na swichi ya kusukuma ya bei rahisi iliyofungwa kwenye ubao unaotetemeka na injini, ihamishe au uibadilishe. Risiva ifunge kwenye sponji laini, waya zake zikiwa na nafasi kidogo ya kucheza ili zisipeleke mtetemo.

Ukimaliza kila badiliko, moja kwa wakati mmoja, rudia jaribio la propela. Likipita, ndipo utoke nje kwa jaribio la umbali. Funga mkia kwenye nguzo, mtu aishike ndege akiwa nyuma ya propela, yeye ndiye mwenye mkono kwenye swichi ya ignisheni. Weka rimoti kwenye hali ya jaribio la umbali, inayopunguza nguvu yake, injini ikiwa imezimwa, urudi nyuma hatua kwa hatua ukichezesha usukani wa mkia mpaka ianze kusitasita. Pima umbali huo. Vitabu vingi vinataka usipungue kama mita 30, ila fuata cha rimoti yako. Kisha washa injini, rudia kwenye mzunguko wa chini, wa kati, na mafuta yote. Wa kati usiuruke. Kuna mitetemo inayotokea hapo tu. Umbali ukipungua kwa asilimia 10 au chini yake, hiyo inakubalika. Ukishuka kutoka mita 40 hadi 20, rudi mezani, na anza tena kwenye kofia ya plagi.

Mwisho kabla ya kuruka: injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini na ndege imeshikwa, zima rimoti. Sevo ya kabureta iende yenyewe kufunga mafuta ndani ya sekunde moja au mbili. Isipofanya hivyo, weka mpangilio huo kwenye rimoti siku hiyohiyo. Halafu ruka mara mbili za dakika tano tano karibu na uwanja, tua, fungua boneti, na ujaribu tena kuivuta ile kofia ya plagi kwa vidole viwili.